Mekatilili wa Menza: Ngoma, Kiapo na Uongozi wa Mwanamke

Utangulizi

Kila linapozuka suala la uongozi wa wanawake nchini Kenya, Kitui ni mahali pasipoweza kupuuzwa. Mwaka 1974 Nyiva Mwendwa alichaguliwa kuwa mbunge wa Kitui Magharibi, na mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza nchini kuteuliwa kuwa waziri kamili katika Baraza la Mawaziri. Charity Ngilu aliingia bungeni mwaka 1992 akiwakilisha Kitui ya Kati, akawania urais mwaka 1997, na mwaka 2017 akawa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana, pamoja na Joyce Laboso wa Bomet na Anne Waiguru wa Kirinyaga. Kwa hivyo, mikutano ya kijamii ya kuhimiza uongozi wa wanawake na usawa wa kijinsia inapofanyika Kwa Vonza, ambako Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kina makao yake makuu, au katika masoko na viwanja vya makanisa kote Kitui na Makueni, haianzi katika ardhi tupu.

Hata hivyo, ipo dhana moja inayoiandama mikutano ya aina hii. Dhana hiyo ni kwamba usawa wa kijinsia ni kitu kilicholetwa juzi na katiba, mashirika na wafadhili, na kwamba mwanamke wa Kiafrika wa zamani hakujua jukwaa lolote isipokuwa meko yake. Wapo wanaoukumbatia usawa huo kwa kuuona kuwa ni mgeni mwema, na wapo wanaoukataa kwa kuuona kuwa ni mgeni mbaya. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba ni mgeni. Maisha ya Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyefariki mwaka 1924, yanaitilia shaka dhana hiyo. Mekatilili hakupewa cheo na serikali wala hakuchaguliwa kwa kura. Alianzia katika ngoma ya wanawake, mkusanyiko wa kijamii uliokuwapo kabla yake, akaugeuza kuwa jukwaa la kisiasa lililoitikisa dola.

Pengine msomaji atauliza ni kwa nini mtu wa pwani atolewe mfano Ukambani. Jibu la kwanza ni la kihistoria. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba iliyobeba pembe za ndovu ilipita katika nchi ya Mijikenda kuelekea Mombasa, na baadhi ya Wakamba wakafanya makazi yao Rabai. Jibu la pili ni kwamba Ukambani wenyewe una kisa kinachofanana na hiki. Mwaka 1911, miaka miwili tu kabla ya Mekatilili kuanza harakati zake, mwanamke aitwaye Siotune wa Kathuke, pamoja na mwanamume aitwaye Kiamba, waliongoza vuguvugu lililoenea kwa njia ya ngoma za pepo, likawatia hofu watawala, na wote wawili wakapelekwa uhamishoni. Visa hivi viwili ni ndugu. Tofauti ni kwamba maisha ya Mekatilili yamehifadhiwa kwa mapana zaidi, katika nyaraka za wakoloni na katika simulizi za watu wake, na kwa hiyo yanaweza kufuatwa toka mwanzo hadi mwisho.

Malezi na Ndoa

Mekatilili alizaliwa katika karne ya 19 katika nchi ya Wagiriama, eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Kilifi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mnyazi wa Menza. Mekatilili ni jina la uzazi: kiambishi cha mwanzo kinamaanisha mama, na Katilili ni jina la mtoto wake. Kwa hiyo jina lililoingia katika historia ya Kenya lina maana ya mama yake Katilili. Jambo hili si dogo. Jamii ilimtambua kwa umama wake, na kama itakavyobainika, ni umama huo huo alioutumia kuwa msingi wa hoja yake ya kisiasa.

Simulizi za Wagiriama zinaeleza kwamba alikuwa binti pekee miongoni mwa ndugu wa kiume, na kwamba mmoja wa ndugu zake alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, asionekane tena. Biashara hiyo iliacha makovu katika familia nyingi za pwani. Mtoto aliyekua akijua kwamba ndugu anaweza kuondoka asubuhi na asirejee, hangeshangaa baadaye alipowaona vijana wakihesabiwa ili wapelekwe kufanya kazi mbali na kwao.

Aliolewa na mume aliyeitwa Dyeka, akazaa, kisha akafiwa na mumewe. Ujane wake ni kipengele ambacho mara nyingi hupitiwa haraka, ilhali kina uzito. Mke aliye chini ya himaya ya mume alibanwa na taratibu nyingi za mji wake. Mjane wa makamo, aliyekwisha kuzaa na kulea, alikuwa na nafasi pana zaidi ya kusafiri, kuongoza shughuli za wanawake na kusema mbele ya wazee. Mekatilili hakuvunja desturi ili aweze kusikika. Aliitambua nafasi ambayo desturi ilikuwa imemwachia, akaitumia yote.

Nchi Iliyobanwa

Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya Afrika Mashariki mwaka 1895. Kwa muda mrefu baada ya hapo Wagiriama waliendelea kuishi kwa namna yao. Walikuwa wakulima hodari waliokuwa wameenea kuelekea kaskazini hadi ng'ambo ya mto Sabaki, na nafaka yao iliuzwa Malindi. Mtu mwenye shamba lake, mifugo yake na wanawe wa kumsaidia hakuwa na haja ya kwenda kumtumikia mwingine kwa ujira.

Hali hiyo haikuwapendeza watawala. Mashamba makubwa ya pwani yalihitaji vibarua, na serikali nayo ilihitaji kodi na wafanyakazi wa shughuli zake. Mwaka 1912 Charles Hobley alishika usimamizi wa mkoa wa Pwani, na mwaka huo huo Arthur Champion, msaidizi wa mkuu wa wilaya, akatumwa kwa Wagiriama ili akusanye kodi ya nyumba, aweke machifu na mabaraza yaliyoitii serikali, na atafute vijana wa kwenda kazini. Aidha, kulikuwa na mpango wa kuwahamisha Wagiriama waliolima kaskazini ya Sabaki, mahali penye rutuba bora.

Msomaji wa Kiswahili anapaswa kutua kidogo hapa. Sabaki ni jina ambalo wanaisimu wamelipa kundi la lugha linalojumuisha Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kingazija na nduguze. Mto ambao jina lake huandikwa katika kila mtihani wa historia ya Kiswahili ndio uliokuwa mpaka wa mgogoro huu, na Kigiriama alichokisema Mekatilili ni ndugu wa damu wa Kiswahili.

Je, ni nani aliyeumizwa zaidi na mpango wa kuwachukua vijana? Wazee walipoteza heshima, kwa sababu machifu wapya walipata nguvu kutoka kwa serikali badala ya kaya. Lakini katika mji wa Kigiriama kazi ya shamba ilitegemea ushirikiano wa wanawake na vijana. Kijana alipoondoka, mzigo wake ulimwangukia mama yake, dada yake au mkewe. Kwa sababu hiyo, upinzani kupata sauti ya mwanamke halikuwa jambo la ajabu. Ajabu ingekuwa wanawake wanyamaze.

Kifudu

Katika mwaka 1913 Mekatilili alianza kwenda kijiji baada ya kijiji akicheza kifudu. Hii ni ngoma ya matanga, inayofungamana na maombolezo na kumbukumbu ya wafu, na wanawake ndio waliokuwa nguzo yake. Kila alipocheza, watu walikusanyika. Walipokwisha kukusanyika, alizungumza nao kuhusu kodi, vijana, ardhi na kaya.

Uteuzi wa ngoma hii unadhihirisha akili ya kisiasa isiyo na kifani. Kwanza, kifudu kilikuwa mali ya wanawake. Mekatilili hakuhitaji ruhusa ya chifu wala ya mzee yeyote ili aongoze shughuli ambayo jamii nzima ilikubali kwamba wanawake wana haki nayo. Pili, ngoma ilitembea. Baraza la wazee lilikaa mahali pamoja, lakini ngoma ilivuka kutoka mji mmoja hadi mwingine, ikiwafikia hata wale ambao hawakuwahi kualikwa penye baraza. Tatu, ngoma ya matanga ilibeba maana yake yenyewe. Kuicheza mbele ya watu waliokuwa hai kulikuwa na ujumbe kwamba kuna kitu kinachokufa, na kwamba walio hai wana wajibu juu yake.

Fauka ya hayo, Mekatilili alisimama juu ya mapokeo ya wanawake waliomtangulia. Wamijikenda wanamkumbuka Mepoho, mwanamke aliyebashiri kuja kwa watu wageni na kuharibika kwa maisha ya kale. Kwa hiyo watu wa 1913 walikuwa tayari wanajua kwamba sauti ya mwanamke inaweza kubeba habari za taifa zima. Mekatilili aliongeza jambo moja kubwa. Mepoho alitabiri yatakayokuja, naye Mekatilili aliwataka watu waamue watakalolifanya yakishakuja.

Kaya Fungo

Mnamo katikati ya mwaka 1913 harakati hizo zilifikia kilele katika Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, ambayo pia huitwa Kaya Giriama. Kaya ni makazi ya kale yaliyozungukwa na msitu mtakatifu, na ndiyo iliyokuwa moyo wa sheria na ibada. Watu wengi, wake kwa waume, walikusanyika humo. Mekatilili alishirikiana kwa karibu na mzee Wanje wa Mwadorikola. Ushirikiano huu unastahili kusisitizwa. Hakuna mahali ambapo Mekatilili anaonekana akiwafukuza wanaume kutoka katika jambo lake, na Wanje naye haonekani akimnyang'anya uongozi.

Katika mkutano huo viliapwa viapo viwili. Wanawake walikula kiapo kilichoitwa mukushekushe, na wanaume wakala kiapo cha fisi, ambacho kilikuwa miongoni mwa viapo vya kuogofya zaidi kwa Wagiriama. Waapaji walifungwa wasishirikiane na serikali: wasitoe vijana wala wasitii amri za watumishi wake. Aliyevunja kiapo alijua kwamba adhabu haitatoka kwa askari, bali kwa nguvu za kiapo chenyewe.

Hapa ndipo tofauti kati ya sherehe na uongozi inapojitokeza wazi. Ngoma peke yake ingeweza kuishia katika vumbi na jasho, watu wakarudi makwao wakisifia uchezaji. Mekatilili aliipa ngoma hitimisho, na hitimisho hilo lilikuwa ahadi yenye gharama. Vilevile, ahadi hiyo haikuwekwa juu ya jinsia moja. Wanawake walikuwa na kiapo chao na wanaume chao, viapo viwili tofauti kwa jina na kwa utaratibu, lakini vyenye lengo moja. Matokeo yalionekana upesi. Champion alijikuta akitawala watu ambao hawakumpiga vita wala hawakumtii, na katika ripoti aliyoiandika Oktoba 1913 kuhusu hali ya Wagiriama hakuweza kulikwepa jina la mwanamke huyo.

Kuku na Vifaranga

Tukio linalokumbukwa zaidi katika maisha ya Mekatilili limehifadhiwa na fasihi simulizi. Inasimuliwa kwamba katika baraza mojawapo la mwaka 1913, Champion alipokuwa akidai vijana, Mekatilili alifika akiwa na kuku mwenye vifaranga. Akamtaka Mzungu yule amchukue kifaranga kimoja. Champion alipounyoosha mkono, kuku alimrukia na kumdonoa. Ndipo Mekatilili akamweleza kwamba hivyo ndivyo atakavyotendewa akijaribu kuwachukua wana wa Wagiriama. Baadhi ya simulizi zinaongeza kwamba alimzaba kofi afisa huyo mbele ya watu wote, na nyingine zinaongeza kwamba kuku aliuawa kwa risasi.

Masimulizi hayafanani katika vipengele vyote, kama ilivyo kawaida ya fasihi simulizi. Mwanafunzi wa fasihi hana budi kuuliza ni kwa nini tukio hili, kati ya mengi, ndilo lililodumu. Sababu moja ni kwamba hoja yake haihitaji mkalimani. Mtu asiyejua sheria ya kodi wala mipaka ya wilaya anaelewa kuku na vifaranga. Sababu nyingine ni kwamba linageuza umama kuwa hoja ya utawala. Mekatilili hakusema kama mtu anayeomba huruma kwa kuwa ni mama. Alionyesha kwamba ulinzi wa watoto ni haki inayotangulia amri ya serikali yoyote.

Hata hivyo, kuna hatari ya kofi kulifunika kila kitu kingine. Katika vitabu vya shule na katika hotuba za sikukuu, Mekatilili mara nyingi husawiriwa kama mwanamke mwenye hasira aliyempiga Mzungu. Usawiri huo unapendeza masikioni, lakini unamwondolea sifa yake kuu. Kofi ni tendo la mtu mmoja kwa nukta moja. Kuzunguka vijijini, kuwaunganisha wanawake na wanaume, kuitisha mkutano katika kaya na kuuhitimisha kwa kiapo ni kazi ya miezi, na ni kazi ya mpangaji mwenye subira. Wakoloni walimwita mchawi, kwa maana hawakuwa na neno jingine la kumwelezea mwanamke mwenye nguvu. Kumkumbuka kwa hasira tu ni kufanya kosa linalokaribiana na lao.

Uhamisho na Kurudi

Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa. Yeye na Wanje waliamriwa kukaa uhamishoni kwa miaka mitano, wakapelekwa Kisii, magharibi ya nchi, mamia ya kilomita kutoka kwao. Watawala waliamini kwamba kwa kuwaondoa viongozi, viapo navyo vingefifia.

Mnamo tarehe 14 Januari 1914 wawili hao walitoroka. Walirudi hadi nchi ya Wagiriama kwa safari ndefu iliyopita katika nchi za watu wa lugha nyingine na katika nyika yenye wanyama wakali. Kwa mwanamke wa umri wake, safari hiyo ilikuwa tendo la ujasiri wa kupindukia. Aidha, ilikuwa na uzito wa kisiasa. Serikali ilikuwa imeonyesha kwamba inaweza kumpeleka mtu mbali mno, naye akaonyesha kwamba mbali si mwisho. Aliporejea, harakati zikapata uhai mpya.

Serikali ilijibu kwa kuigeukia kaya. Mwanzoni mwa Agosti 1914, wakati ule ule ambapo Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vikianza, Kaya Fungo ilibomolewa kwa baruti. Vita vya dunia viliongeza pia hitaji la wapagazi wa kuhudumia jeshi, na shinikizo la kuwachukua vijana likazidi. Mwezi huo huo mapigano yakazuka. Wagiriama walikuwa na mishale, na jeshi la King's African Rifles lilikuwa na bunduki. Nyumba zilichomwa, mifugo ikachukuliwa, watu wengi wakauawa. Walioshindwa walitozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa watoe vibarua 1,000, na waliokuwa wakilima kaskazini ya Sabaki wakaamriwa kuhama. Mekatilili alikamatwa tena mwezi Agosti 1914, akaondolewa kwa mara ya pili.

Kwa kipimo cha medani ya vita, Wagiriama walishindwa. Lakini hesabu ya ushindi haikufungwa mwaka 1914. Kuwafukuza wakulima kutoka katika ardhi yenye rutuba kulileta hasara na njaa, na vibarua waliotarajiwa hawakupatikana kwa wingi. Kabla ya mwisho wa mwongo huo serikali ililegeza msimamo wake, na Wagiriama wakaruhusiwa kurejea kaskazini ya mto. Mpango uliowagharimu watu damu nyingi ukaachwa na wale wale walioubuni.

Baraza la Wanawake

Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje waliruhusiwa kurudi nyumbani. Waliishi kayani, Wanje akawa kiongozi wa baraza la wanaume na Mekatilili akawa kiongozi wa baraza la wanawake. Sehemu hii ya maisha yake haina kofi wala baruti, na pengine ndiyo sababu haisimuliwi sana. Hata hivyo, ndiyo inayomhusu zaidi mtu anayetafakari uongozi wa wanawake.

Mwaka 1913 Mekatilili aliongoza bila cheo. Mwaka 1919 jamii yake ilikitambua rasmi kile alichokuwa amekifanya, ikamkabidhi nafasi ndani ya taasisi yake kuu. Nafasi hiyo ilikuwa sambamba na ya mwenzake wa kiume, na wote wawili walikuwa wamelipa gharama ile ile ya uhamisho. Haya hayakutokana na shinikizo la nje. Serikali ya wakati huo haikuwa na nafasi yoyote ya mwanamke katika utawala wake: machifu iliowateua walikuwa wanaume na mabaraza yake yalikuwa ya wanaume. Kwa hakika, katika nchi ya Wagiriama ya mwaka 1919, ni ile taasisi iliyoitwa ya kishenzi iliyokuwa na kiti cha mwanamke, na ile iliyojiita ya kistaarabu haikuwa nacho.

Hii haimaanishi kwamba jamii ya Kigiriama ilikuwa pepo ya usawa. Mabaraza yalikuwa mawili kwa sababu ya mgawanyo wa kijinsia, na mambo mengi ya mirathi na ndoa yaliamuliwa na wanaume. Linalodhihirika ni jambo dogo kuliko hilo, lakini imara zaidi: kwamba katika jamii hiyo kulikuwa na mlango, na kwamba mwanamke aliyeupita alikubaliwa.

Mekatilili alifariki mwaka 1924, akazikwa Bungale, katika eneo la Magarini. Kwa miongo mingi jina lake lilihifadhiwa zaidi na Wagiriama wenyewe kuliko na taifa. Utafiti wa mwanahistoria Cynthia Brantley, uliochapishwa kitabu mwaka 1981, uliyaleta matukio haya mbele ya wasomi. Leo mji wa Malindi una bustani na sanamu yenye jina lake, na tamasha la kumkumbuka hufanyika mwezi Agosti. Misitu ya kaya za Mijikenda, Kaya Giriama ikiwamo, iliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008.

Mafunzo kwa Mikutano ya Leo

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaelekeza kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya uwakilishi. Mwezi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri rais alivunje bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutimiza sharti hilo. Bunge halikuvunjwa, na hata bunge lililochaguliwa mwaka 2022 halikulitimiza. Katika uchaguzi huo huo wanawake saba walichaguliwa magavana, mmoja wao akiwa Wavinya Ndeti wa Machakos. Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja yanaonyesha kwamba sheria ikisimama peke yake inaweza kusubiri, ilhali watu waliojipanga wanaweza kutangulia.

Ukambani una jukwaa linalolingana na kifudu, nalo ni mwethya, utaratibu wa kale wa kusaidiana kazi. Wanawake wa Kitui na Makueni wamechimba matuta, wamejenga mabwawa na wamelima mashamba ya wenzao kwa njia ya mwethya. Katika vikundi hivyo mwanamke hujifunza kuitisha mkutano, kutunza fedha za wengine, kusuluhisha ugomvi na kuaminiwa. Mikutano ya kuhimiza uongozi wa wanawake ikipangwa kana kwamba washiriki wake hawajawahi kuongoza chochote, inapoteza mtaji mkubwa uliokwisha kuwekwa. Ikianzia penye mwethya, itakuwa imefanya alichokifanya Mekatilili alipoanzia penye ngoma.

Aidha, maisha yake yanatoa kipimo cha mkutano wenye manufaa. Kipimo hicho si wingi wa waliohudhuria, kwa kuwa ngoma yoyote nzuri huvuta watu. Kipimo ni kile kinachowafunga waliohudhuria baada ya kutawanyika, wanawake na wanaume kwa pamoja. Huenda kikawa ni ahadi ya kumsomesha msichana hadi mwisho, ya kumwandikisha binti katika urithi wa shamba, au ya kumpigia kura na kumchangia mwanamke aliyejitokeza kuwania. Pasipo ahadi ya namna hiyo, na pasipo watu walio tayari kuilipia gharama, mkutano huwa umekwisha mahema yanapokunjwa.

Hitimisho

Mekatilili wa Menza alikuwa mjane asiyekuwa na cheo, aliyeona vijana wa kwao wakihesabiwa kama mali ya wengine. Alichukua ngoma ambayo wanawake walikuwa nayo tayari, akaipeleka hadi kayani, akaifunga kwa kiapo cha wake na waume, akahamishwa mara mbili, na mwishowe akakaa katika baraza kama kiongozi aliyetambuliwa na watu wake. Anayetaka kujua iwapo uongozi wa mwanamke ni mgeni katika Afrika Mashariki anaweza kuanzia Bungale, kwenye kaburi la mwanamke huyo. Ugeni, kama upo, uko katika mazoea ya kuusahau uongozi huo.